Huyo Mwalimu Wako wa Dafen

Dafen, Shenzhen
14 Machi 1999

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa mzima, nimekula na nimelala, kwa hiyo usianze kuwaza. Kifua chako je? Kile kikohozi cha baridi kimeondoka, au bado unajifanya kimeondoka? Nisalimie Mzee Wen na tofu yake ya soya, na majirani wote, hata wale wanaosema nimetoroka nyumbani.

Nimepata kazi, Baba, na si kiwandani kama ulivyoogopa. Ni kazi ya kuchora. Hapa Dafen kila mlango una mchoraji. Picha zimeanikwa vichochoroni kama nguo, ukipita bila kuangalia unaondoka na pua ya mtu begani.

Niko kwa Mwalimu Kuang, mtu wa Chaozhou. Karakana yake inachora sura za watu wa kale wa Ulaya: matajiri, wake zao, wazee wenye kofia pana. Wachoraji wakubwa wa huko waliwachora zamani sana, na sisi tunawanakili kutoka vitabuni, kwa mkono, kwa rangi za mafuta. Zikikauka zinapelekwa Hong Kong, kisha huko huko Ulaya zilikotoka. Nilimuuliza Mwalimu, "Si wanazo zenyewe?" Akacheka. Akasema zenyewe ziko kwenye majumba ya makumbusho, na mtu anataka kitu cha kutundika sebuleni kwake.

Kila mmoja ana sehemu yake. Mwenzangu mmoja anachora giza la nyuma, mwingine mikono, mwingine nguo. Uso ni wa Mwalimu peke yake. Mimi nimeanzishiwa ukosi. Kuna bibi wa Kiholanzi amevaa ukosi mweupe mkubwa kama sinia, umejaa mikunjo, na kila mkunjo una kivuli chake. Mwalimu Kuang alisimama nyuma yangu akitafuna mbegu zake za alizeti, akatazama, akasema, "Huyu ana mkono." Baba, nilitaka kulia.

Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia ni baba yangu, anachora sura za marehemu kwa unga wa makaa. Akasema, "Vizuri. Sasa usahau." Anadai makaa humfanya mtu aogope rangi. Mwalimu Kuang ana maneno yake!

Ni mimi binti yako,
Suqin


Longnan
9 Aprili 1999

Mwanangu Suqin,

Marahaba. Kifua changu kiko pale pale kilipokuwa, mbele ya mgongo. Mzee Wen hajambo, tofu haijambo. Nafurahi kusikia unakula.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Jina la Kuang nimelikuta karibu kila mstari. La kwangu sikulikuta, nimekuta "baba yangu" mara moja, nikiwa najibiwa kwa "usahau".

Usahau! Nilikushika mkono ungali hujui kufunga viatu. Nilikufundisha kwamba jicho halianzi na mboni, linaanzia kwenye mfupa wa nyusi. Leo anatokea mtu mdomo umejaa maganda ya alizeti, anasema usahau, na wewe unataka kulia kwa furaha. Lia basi.

Mimi siogopi rangi. Mimi nachora mtu ambaye mtaa mzima unamjua. Nikikosea kidevu, mjane ananijia na ufagio. Wewe unamchora mtu usiyemjua, umpelekee mtu asiyemjua. Hata ukimpachika masikio matatu, nani atakuja kukulalamikia? Na huyo bibi wa ukosi, ana wajukuu wanaomwashia udi? Hana. Anatundikwa juu ya kochi.

Tulifagia makaburi wiki iliyopita. Pale kaburini kwake nilimwambia mama yako uko mbali.

Caiping, binti wa Mzee Wen, amerudi kwao. Ndoa imemshinda, au mume ndiye amemshinda, na pombe yake. Anakuja hapa mchana kunisagia makaa. Ana mkono mtulivu. Anakaa kwenye kigoda chako kwa sababu kile kingine mguu wake ni mbovu.

Baba yako,
na mwalimu wako wa kwanza


Dafen
20 Juni 1999

Shikamoo Baba,

Natumaini joto halijakuzidi. Hapa linatuzidi, rangi inatoa jasho kabla yetu. Mimi ni mzima.

Kile kigoda kingine mguu wake ni mbovu tangu nikiwa darasa la tatu, na hujawahi kumkalisha mtu kwenye changu kwa sababu hiyo. Wateja walikuwa wanasimama. Mjumbe wa kijiji alisimama! Leo Caiping anakaa.

Umesahau Caiping ni nani? Ndiye aliyenichekea darasa zima lisikie, siku nilipochora farasi, akasema ni mbwa mwenye njaa. Nikakuletea michoro yote miwili uamue. Ukatazama wangu, ukatazama wake, ukasema, "Huyu wa Caiping ndiye farasi." Nilikuwa na miaka tisa. Basi mkono wake mtulivu naufahamu, asante.

Watu wanasemaje, mwanamke asiye na mume kushinda nyumbani kwa mgane mzee? Au anakupikia pia?

Habari yangu ni kubwa kuliko yake. Mwalimu Kuang amenipa uso. Yule mchoraji wa mikono amenuna hadi leo, kwa kuwa amekaa hapa muda mrefu na bado anachora vidole. Mwalimu alisema, "Suqin, kaa hapa," akanitoa kwenye ukosi mbele ya wote. Ananifundisha jinsi ngozi inavyojengwa, tabaka juu ya tabaka, chini kijani, juu yake nyekundu nyembamba kama pumzi. Ngozi inaanza na kijani, Baba! Ulijua hilo?

Kwa dereva wa lori nakutumia picha ya mzee mmoja wa Kiholanzi mwenye kofia. Uso wote ni wangu. Uone.

Binti yako,
Suqin


Longnan
11 Julai 1999

Suqin,

Marahaba. Ninapikiwa na sufuria yangu mwenyewe, kama zamani. Watu wakitaka kusema, waseme kwa sauti nami nisikie. Caiping anakuja mchana na anaondoka mchana, na mlango uko wazi barabarani.

Mzee wako amefika salama, amefungwa kwenye gazeti. Nimemfungua mbele ya watu, maana walishajaa. Bibi wa jirani akasema ana ugonjwa wa ini. Mzee Wen akauliza, "Ndiye mchumba wa Suqin?" Nikamwambia huyu amekufa siku nyingi. Akasema, "Basi ana faida moja, hatarudi amelewa." Caiping alicheka hadi akakaa chini.

Sasa nikwambie kama mwalimu. Paji la uso limezidi kung'aa. Shingo haijabeba kichwa, imekiegemea tu. Macho, sawa, macho yana kitu. La kushoto linanifuata nikienda kula. Nilimgeuza akaangalia ukuta. Baadaye nikamgeuza tena, kwa sababu Mzee Wen alitaka kumwonyesha shemeji yake. Ni kwa sababu hiyo tu.

Lakini sikio ni langu. Lile tundu, ule mkunjo wa ndani unaoanza kama alama ya kuuliza, nilikuonyesha mimi, mezani hapa, kwenye sikio la marehemu babu yako. Huyo Kuang asijisifie sikio.

Habari ya kijani sikuijua. Mimi sijengi ngozi, najenga watu.

Mwezi huu Caiping amechora nywele zote za marehemu mwalimu mkuu, na watoto wake wamesema ndizo hasa. Nami nikawaambia mkono wa namna hiyo mtu huzaliwa nao, hafundishwi popote.

Baba yako


Dafen
3 Oktoba 1999

Shikamoo Baba,

Umeanza kuvaa fulana ya ndani asubuhi? Huko najua baridi imeshateremka mlimani. Mimi sijambo, ila macho yanachoka.

Nimechelewa kuandika kwa sababu barua yako ya mwisho niliiweka chini ya mto, nikawa naitoa kila nikitaka kukasirika. Kazaliwa na mkono, Caiping! Haya.

Leo nina jambo la kuomba, tafadhali lisome ukiwa umekaa.

Mwalimu Kuang hana mtoto. Mkewe alifariki, na wanafunzi wote aliowahi kuwa nao walijifunza wakaenda kufungua karakana zao mtaa wa pili. Sasa anasema anataka mwanafunzi mmoja wa kweli, wa kumwachia kazi, na anataka niwe mimi. Si kwa mkataba. Anataka kwa desturi, kama mafundi wa zamani: nipige magoti mbele yake na mbele ya wachoraji wote, nimpe chai kwa mikono miwili, naye aipokee. Baada ya hapo nitamwita Baba-Mwalimu.

Nilimwambia siwezi kabla ya kukuuliza. Akasema ndivyo inavyopaswa, binti mwenye adabu huuliza kwao. Ameahidi kungoja jibu lako.

Hakunyang'anyi chochote, Baba. Wewe ni baba. Yeye ni wa kazi tu. Nipe baraka zako, nitapiga magoti nikiwa na moyo mweupe.

Binti yako mtiifu,
Suqin


Longnan
19 Oktoba 1999

Suqin,

Nimekaa na nimesoma.

Mimi hukunipigia magoti wala hukunipa chai. Nilikufundisha kwa sababu ulizaliwa humu ndani na ulikuwa unalia nikikuondoa mezani. Kumbe ilikuwa bure, ndiyo maana haikuhesabika.

Baraka sina. Ukimpigia magoti yeye, Mwaka Mpya usije kunipigia mimi. Magoti yako ni mawili tu, na wote wawili hatutoshi juu yake.

Zhong Tingbao


Dafen
27 Februari 2000

Shikamoo Baba, hata kama hutaitikia.

Mwaka Mpya wa kalenda yetu umepita. Dafen yote ilikuwa tupu, wote wamekwenda kwao. Nilibaki mimi, Mwalimu Kuang, na yule bibi wa ukosi mweupe. Tulikula samaki. Mwalimu alinigawia kichwa cha samaki, nikakumbuka kwamba nyumbani kichwa ni changu siku zote, nikasema nimeshiba.

Nilimpa chai, Baba. Siku ya tatu ya mwaka. Nilikuandikia barua mbili kabla ya hapo, nikazichana. Niliendelea kungoja uandike neno moja, hata tusi, lakini ulisaini jina lako kamili kama mtu wa benki. Nikasema basi. Nilipiga magoti, na nilipoinama niliona sakafu ina madoa ya rangi kila mahali, nikafikiri sakafu yetu ina vumbi jeusi la makaa. Hilo ndilo nililofikiri, kama unataka kujua.

Nilikusudia kuandika kwa upole. Lakini jana amefika binamu Fagui kutoka huko. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema nyumbani kwema, paa lilivuja mwezi wa kumi na moja, picha ya shangazi ikaharibika, ila amechorwa upya vizuri. Nikamuuliza, "Baba kamchora upya?" Akasema, "Hapana, Caiping."

Caiping!

Kigoda nilikuachia umpe. Nywele za mwalimu mkuu nilikuachia. Lakini huyo ni mama yangu. Caiping ana mama yake mwenyewe, yuko hai, anakanda tofu. Ulishindwa nini kuniandikia? Mimi ndiye ninayechora nyuso, hiyo ndiyo kazi ninayoamka kuifanya. Ulijua, na ukamwita yeye. Umenilipiza. Umeona nimempa mtu mwingine magoti, nawe ukampa mtu mwingine mama yangu.

Mwambie anashikilia mahali pasipo pake.

Suqin


Longnan
16 Machi 2000

Suqin,

Naitikia. Marahaba.

Upepo uliondoa vigae, mvua ikanyesha moja kwa moja juu ya meza ya marehemu, pale tunapowashia udi. Asubuhi niliona makaa yametiririka, mama yako hana mdomo. Nilikaa na karatasi mpya mbele yangu siku nyingi. Sikuweza hata nyusi. Nimechora wilaya nzima, yeye ilinishinda. Caiping alikuja akanikuta hivyo. Alichukua brashi akanakili kilichobaki. Sikumwita, na sikumzuia.

Unauliza kwa nini sikukuandikia. Ulikuwa na kazi ya kuchora mama za watu.

Na huko mlikula samaki.

Baba yako


Dafen
8 Septemba 2000

Shikamoo Baba,

Ni muda mrefu. Naomba uwe mzima. Nilimuuliza dereva wa lori, akasema amekuona sokoni ukibishana juu ya vitunguu, nikajua u mzima.

Ile sentensi yako ya mama za watu nimeishi nayo tangu Machi. Niliapa kukuonyesha. Nikanunua kitambaa kizuri cha kuchorea, si kile cha oda, na kila Jumapili karakana ikifungwa nilikuwa namchora Mama. Nilitaka nimlete mlangoni, niiondoe ile ya Caiping kwa mikono yangu, wewe ukiwa umesimama pale. Ndivyo nilivyokuwa nawaza nikichora. Sikuwa nawaza juu ya Mama hata kidogo, nilikuwa nawaza juu ya sura ya Caiping akiiona.

Mwezi uliopita nikamaliza. Nikaenda kuosha brashi. Niliporudi nilimwona kutoka mlangoni, kama mgeni anavyomwona.

Baba, hakuwa Mama. Alikuwa yule bibi wa Kiholanzi. Kidevu chake, kope zake, ule weupe wa shavu ninaouchora kila siku. Nilikuwa nimemvalisha tu koti la buluu la Mama. Yule mwenzangu wa mikono akapita, akauliza, "Hii oda ya nani? Mbona ukosi hujaweka?"

Nimeigeuza ukutani. Tangu hapo nikifumba macho namtafuta Mama, anakuja yule yule. Nilikuwa na miaka sita alipokufa. Picha ya kamera ni ile moja ya ushirika wa chai, ambayo uso wake ni mdogo kama punje. Nilidhani ninaye. Kumbe nilikuwa na mchoro wako tu, na huo umekwenda na mvua.

Sitaki kushindana na mtu tena katika hili. Naomba uniambie, Mama alikuwaje?

Binti yako,
Suqin


Longnan
1 Oktoba 2000

Mwanangu Suqin,

Marahaba. Vitunguu vilikuwa vimeoza chini, juu wameweka vizuri. Nilikuwa na haki.

Barua yako niliisoma nje, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena.

Hata mchoro wangu ungebaki, usingekusaidia. Marehemu huchorwa ameshiba, ametulia, hana kovu, ili wanaoinama mbele yake wasione huruma. Nilimchora hivyo. Caiping amenakili hivyo. Ni mwanamke wa heshima, ila mama yako hakuwa hivyo. Yule wa kweli yuko kwangu peke yangu, na nikuambie ukweli, nilipenda awe kwangu peke yangu. Watu wakiisifu ile picha nilikuwa nacheka moyoni. Hawamjui, nasema, ninamjua mimi.

Sikiliza basi.

Uso wake haukuwa sawasawa. Upande wa kushoto ndio uliokuwa unaanza kucheka, wa kulia unafuata baadaye kama mtu aliyechelewa kuelewa. Kope ya jicho la kulia ililala kidogo. Kidevuni alikuwa na kovu la mafuta ya moto, umbo la mbegu ya tikiti. Pua ni yako, nenda kwenye kioo.

Akimsikiliza mtu alikunja paji la uso. Watu walidhani ana hasira. Mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, nilikuwa nafupisha kila ninachosema.

Hakuwa mweupe. Alichuma chai juani tangu utoto. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyosahauliwa kikombeni. Shingoni, chini ya ukosi, ndipo palipokuwa peupe, na hapo hakuna aliyepaona.

Jino moja la mbele lilipanda juu ya jingine, kwa hiyo akicheka alifunika mdomo. Nilikuwa naushika ule mkono nauteremsha. Usimchore amefunika mdomo. Wala usimchore amenyamaza. Siku zote alikuwa kama mtu anayekaribia kusema jambo, halafu anasema, "Acha tu."

Rangi zenu mimi sizijui. Ngozi ya mtu wa jua inaanza na kijani kipi, muulize Mwalimu Kuang. Mwambie Zhong Tingbao ndiye anayeuliza.

Baba yako


Dafen
10 Desemba 2000

Shikamoo Baba,

Natumaini umeziba vigae kabla ya baridi kali. Mimi sijambo. Mikono yangu imepasuka kwa mafuta ya kuoshea brashi, lakini ni kawaida ya hapa.

Nilimsomea Mwalimu Kuang ile sehemu yako ya mwisho. Aliacha kutafuna. Akaniambia nirudie jina. Kisha akachukua ubao wake, akachanganya kijani, si kile cha Waholanzi, cha matope zaidi, akaongeza na udongo mwekundu, akajaribu kwenye mkono wake mwenyewe. Akasema, "Mpelekee baba yako salamu, mwambie inaanza hapa." Halafu akaondoka. Hakuja kusimama nyuma yangu hata mara moja. Alisema uso huu haumhusu.

Nilikuwa nimebandika barua yako pembeni ya kitambaa, mahali tunapobandika ukurasa wa kitabu. Nilichora nikisoma. Pua niliichora na kioo. Mdomo ulinisumbua sana, niliufuta na kuurudia hadi nikachukia maneno "Acha tu".

Sijui kama ni yeye, Baba. Hilo ndilo linalonitisha. Bibi wa Kiholanzi namjua kila mshipa, huyu nilipomaliza nilimtazama kama mtu niliyekutana naye njiani, nikaona haya. Ni wewe tu unayeweza kusema. Namtuma kwa dereva, nimemfunga kwa pamba. Caiping akitaka kumwona, amwone. Ila asimguse.

Kuna jambo moja. Kabla sijamfunga, alikuja wakala wa Hong Kong kuchukua oda. Akasimama mbele ya Mama muda mrefu. Akamwambia Mwalimu kwamba hakuna mtu mwenye uso kama huu, na kwamba huko ng'ambo watamtaka, tubaki na nakala tuiweke kwenye orodha ya karakana, tuchore wengi. Mwalimu akanigeukia. Kabla hajafungua mdomo nikasema hapana. Nilisema kwa sauti kali mpaka yule wa mikono akadondosha brashi. Nikajisikia nimesema kama wewe.

Lakini karakana ni ya Mwalimu, na mwaka huu oda zimepungua. Hajanilazimisha. Kaniambia tu nikuulize wewe, mwenye mke.

Binti yako,
Suqin


Longnan
6 Januari 2001

Mwanangu,

Marahaba. Vigae nimeziba.

Amefika. Dereva alimbeba kama yai, nilimpa chakula. Caiping alikuwepo, Mzee Wen alikuwepo, na bibi wa jirani alikuwa anakuja mbio. Nilifungua pamba upande mmoja, nikaona kovu. Nikaifunga tena. Nikawaambia wote watoke. Mzee Wen akadhani nimeugua, akataka kuita daktari. Nikamsukuma nje, mtu niliyekula tofu yake maisha yangu yote, nikafunga mlango.

Sikio la kushoto umelikosea, lake lilikuwa dogo zaidi. Na nywele alikuwa anazibana upande wa pili. Hayo ndiyo makosa niliyoyapata, na nimetafuta sana.

Yaliyobaki siyaandiki. Nilimwambia kitu nilichokuwa sijamaliza kumwambia, akawa ananisikiliza amekunja paji lake la uso, nikajikuta nafupisha.

Mwambie Mwalimu Kuang kijani chake ni sahihi. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usiongeze sifa.

Juu ya meza ya marehemu nimeiacha ile ya Caiping. Watu wainamie ile, inatosha, na Caiping ameichora kwa heshima. Alilia nilipomwambia haitoki. Alidhani ungekuja kuichana.

Huyu wako yuko chumbani kwangu. Mzee Wen amenuna wiki nzima, kila asubuhi anauliza, "Na leo je?" Nimemwambia mwanamume haonyeshi mke wake kwa muuza tofu. Caiping naye aliomba, nikakataa.

Kuhusu yule wakala. Wamtundike sebuleni kwa mtu? Mwanamume fulani huko awe anakula chakula cha jioni huku anamtazama jino lake? Hapana. Mwambie mwenye mke amekataa. Na wewe pia usimnakili, hata ndogo, hata kwa kujikumbusha. Najua mkono wako unaweza, ndiyo maana nasema. Abaki mmoja.

Ukimkumbuka sana, Mwaka Mpya wetu ni mwisho wa mwezi huu. Panda basi. Ufunguo wa chumba ninatembea nao mfukoni. Nitakufungulia wewe tu.

Baba yako